Tairi Lililoingiwa na Nyuki

Nilipokabidhiwa pikipiki ya misheni, jambo la kwanza nililofundishwa halikuwa kuiendesha. Nilifundishwa kuiosha miguu. Ilikuwa miaka ya mwishomwisho ya Waingereza, nami nilikuwa katekista wa kigango cha porini, mwendo wa siku mbili kwa miguu kutoka stesheni ya Usinge. Padre wetu alikuwa amechoka kuambiwa kwamba mgonjwa amekwisha kuzikwa. Akapata pikipiki iliyobaki baada ya vita, yenye rangi ya majani makavu, akanipeleka Tabora kwa fundi mmoja Singasinga ambaye karakana yake ilitazamana na reli.

"Wewe mwalimu wa dini?" fundi aliniuliza.

"Ndiyo, bwana."

"Basi utaelewa haraka. Watu wote wanatazama injini kwa sababu ina kelele." Akalipiga teke dogo tairi la nyuma. "Huku chini hakuna anayetazama, na huku ndiko pikipiki inakofia."

Nilikaa kwake siku nane. Alinifundisha kuosha matairi kila nirudipo safari, matope yangali mabichi, kwa maji matupu na brashi ya mkonge. Kati ya zile kashata, yaani vile vipande vya mpira vilivyosimama ili kung'ata matope, nilipaswa kutoa mawe kwa kijiti, wala si kwa kisu. Miiba niing'oe mmoja mmoja kabla haijapenya hadi kwenye tyubu. Upepo niupime asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kidole gumba. Petroli isiguse mpira. Mafuta ya aina yoyote yasiguse mpira. Na lile tairi la akiba nilioshe, nilikaushe, kisha nilitundike kivulini, mbali na jua, mbali na moshi wa jikoni, lisilale chini hata siku moja.

"Rudia," aliniambia kila jioni, nami nilirudia kama mtoto anayesoma amri za Mungu. Siku ya nane akanipa mkono na kusema nimefaulu. Namshukuru mpaka leo, maana kila alichonifundisha kilikuwa kweli, na nilikifuata chote, na hicho ndicho kilichotuletea matatizo.

Niliporudi kigangoni nilijiwekea utaratibu. Kila jioni nilikaa kwenye kigoda, nikalizungusha gurudumu polepole na kusali rozari, kashata moja Salamu Maria moja. Kashata zilizidi rozari kwa saba. Hizo saba nilizitolea roho za toharani. Sijui kama kuna parokia nyingine ambako roho za toharani zimewahi kuombewa kwa njia hiyo, lakini sidhani kwamba zilikataa.

Tairi la akiba lilinisumbua. Nyumba yangu ilikuwa chumba kimoja na jiko, na panya wa pale walikuwa wamekwisha kula kona ya katekisimu yangu. Nje kidogo, ukingoni mwa pori, ulisimama mninga mkubwa wenye kivuli kizuri. Kwenye shina lake palikuwa na alama tatu za shoka, maana yake mti huo una mwenyewe. Kila mtu alijua ni wa mzee mmoja mrina asali, mwenye mizinga mingi kupita wote upande ule.

Nikaenda kwake. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu."

"Nimekuja kuomba ruhusa. Nataka kutundika kitu changu kwenye mninga wako."

Mzee alinitazama sana. Kwa hofu ya mvua nilikuwa nimelifunga tairi lile, nililokuja nalo begani, kwa gome la myombo, gome zima nililoambua kwa uangalifu, nikalishona kwa kamba, na kamba nikaipaka nta ili isioze. Niliacha tundu dogo upande wa chini hewa ipite. Fundi hakunifundisha gome. Hilo niliongeza mwenyewe, na nilijivunia. Mzee alilipapasa gome, akanusa kamba, akaingiza kidole tunduni. Macho yake yakalainika.

"Umelitengeneza peke yako?"

"Peke yangu, baba."

"Miaka sita nimekuwa nikisema huyu mwalimu ni mtu wa vitabu tu," alisema. "Tundika, mwanangu. Tundika popote utakapo."

Niliona ni ukarimu mwingi kwa jambo dogo. Nikashukuru, nikatundika tairi langu.

Sasa lazima nieleze habari za mke wake, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na jambo kubwa. Alibatizwa akiwa binti huko Tabora, akapokea Komunyo ya kwanza, kisha akaolewa na huyu mrina asali ambaye hakuwa na dini yetu. Waliishi vizuri, walizaa, wakapata wajukuu, lakini ndoa yao haikubarikiwa, na kwa sheria ya Kanisa ya siku zile mama yule hakuruhusiwa kuipokea Komunyo tena. Kila Padre alipokuja yeye ndiye aliyefagia kanisa, aliyefua vitambaa vya altare na kupika. Kisha alikaa benchi la nyuma na kuwatazama wengine wakienda mbele. Siku ya kwanza nilipofika kigangoni alinikuta nafungua mzigo, akaniambia, "Mwalimu, mimi sitaki mengi. Mfundishe mzee wangu tu."

Nilimfundisha miaka sita. Alikuwa mwelewa, tatizo lake lilikuwa nyuki. Kila alipokaribia ubatizo msimu wa asali ulifika, akaingia porini miezi miwili, na akirudi amesahau sakramenti zote isipokuwa Kipaimara, ambayo aliipenda kwa sababu ya mafuta. Mwaka huo hatimaye alishika yote. Padre akaandika barua kwamba atakuja na gari moshi la Jumatatu, siku moja kabla ya mkesha wa Majivu. Jumanne asubuhi angembatiza mzee na kubariki ndoa, na jioni apande gari moshi arudi Tabora. Jumatano ya Majivu ilikuwa Kwaresima, na Kwaresima hapakuwa na harusi. Baada ya Pasaka mzee angekuwa porini.

Naye mzee alisema wazi, "Mwalimu, nikikosa safari hii, nisisumbuliwe tena. Nimezeeka kwa kukariri."

Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa moja tu: kumtoa Padre stesheni na kumfikisha. Padre alikuwa mtu mzito, na goti lake moja halikukunjika. Baiskeli mbili zilikuwa zimekwisha kufa chini yake. Punda na ng'ombe hawakuishi kwetu kwa sababu ya mbung'o. Kwa pikipiki ilikuwa mwendo wa saa nne, kama mvua imekubali.

Alhamisi kabla ya harusi nilikuwa narudi kutoka kwa mgonjwa. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nimeanguka mara nyingi kuliko kawaida. Pikipiki iliteleza hata penye majani makavu, lakini nilidhani ni masika, au shetani. Siku hiyo tairi la nyuma lilikanyaga kisiki kidogo, kisiki ambacho kuku angeruka, likapasuka ubavuni kwa urefu wa shubiri. Nilipoligusa lilikuwa laini na limeumuka kama andazi lililosahauliwa kwenye mafuta.

Nilisukuma pikipiki mpaka nyumbani. Mama yule alikuwa anafagia kanisa. Alipoona tairi alishika kiuno.

"Maskini! Na jinsi ninavyolitunza!"

"Unalitunzaje, mama?"

"Kila Jumamosi, nikimaliza kanisa. Wewe unaliosha tu, mwalimu, unaliosha mpaka linapauka. Nilikuta limeanza kupasukapasuka ubavuni kama visigino vya kiangazi. Nikasema hii ni ngozi, na ngozi inataka mafuta. Nikawa nalipaka mafuta ya nyonyo. Na lile la mbele pia, yakibaki kidogo."

Nilikaa kwenye kigoda. Wiki zote zile nilikuwa nimeona matairi yangu yaking'aa kuliko matairi yoyote niliyoyaona Tabora, na nilikuwa nimemshukuru Mungu kwa kazi ya mikono yangu. Nilimwandikia hata Padre barua juu ya mng'ao huo. Kiburi changu kilikuwa mafuta ya nyonyo.

Sikumweleza mama yule alichofanya. Ningemwambiaje kwamba amejivunjia harusi kwa kupaka mafuta? Nilisema tu kwamba si neno, tairi la akiba lipo. Nikachukua ngazi, nikaenda kwenye mninga.

Sikufika hata kidato cha tatu cha ngazi. Gome lote lilikuwa linavuma kama watu wazima wanaosali kwa sauti ya chini. Kwenye lile tundu langu la hewa nyuki waliingia na kutoka kwa utaratibu mzuri kabisa.

"Wiki ya tatu sasa," alisema mtu nyuma yangu. Alikuwa mzee, mikono mgongoni, uso umejaa furaha. "Nilidhani umewaona. Nikasema moyoni, tazama mwalimu alivyo mnyenyekevu, hata hajisifu. Mzinga wa kwanza, na wa mviringo! Mimi sijapata kuona mzinga wa mviringo, lakini nyuki wameupenda."

"Baba, hilo ni tairi."

"Lilikuwa tairi."

"Nalihitaji leo."

Mzee aliweka kidole mdomoni. "Usipaze sauti," aliniambia, huku akitabasamu kuelekea mzinga. Nilikuwa nimesahau. Kwa warina asali wa pale, mtu hagombani mbele ya mzinga mpya. Ukigomba, nyuki wanahama, na aliyegomba anabeba lawama msimu mzima. Kwa hiyo mabishano yote yaliyofuata tuliyafanya kwa kunong'ona na kutabasamu, na mtu aliyetutazama kwa mbali angedhani tunapongezana.

"Baba," nilinong'ona nikitabasamu, "bila tairi hili Padre hafiki."

"Naelewa, mwanangu," alinong'ona. "Inasikitisha sana."

"Bila Padre hakuna harusi yako."

"Hilo nalo linasikitisha."

"Basi tuwatoe nyuki!"

"Mwalimu, mwalimu." Alinishika bega kwa upole. "Waliokuja wenyewe hawatolewi kabla ya asali. Mwezi wa sita tutarina, nusu yako, nusu yangu kwa ajili ya mti. Kisha utapata tairi lako."

Aliwaita wazee wenzake wawili waamue. Walikuja Ijumaa asubuhi na vigoda vyao, wakakaa mbele ya mninga. Walisikiliza kwa makini, kwa kunong'ona. Mmoja aliuliza kama mpira ungewadhuru nyuki. Mwingine aliuliza kama chombo hicho nimekiweka mimi, nikakubali. Kama nilikifunga gome la myombo, ambalo kwao ndilo la mizinga, nikakubali. Kama nilipaka nta, nikakubali. Kama niliomba ruhusa ya mti, nikakubali.

"Sasa mtu aliyefunga gome, akapaka nta, akaacha tundu, akaomba mti, alikuwa anataka nini kama si nyuki?"

"Nilitaka lisipigwe na jua."

Walitazamana. Mmoja alisema kwa huruma kwamba kusoma sana kunachosha kichwa. Wakaamua kwamba ni mzinga, ni wangu, na hata mimi mwenyewe siruhusiwi kuushusha. Kisha wakanipongeza, wakanipa ungo wa karanga kwa kuwa mrina asali mpya. Nilizipokea. Ningefanyaje? Zilikuwa karanga nzuri.

Jumamosi nilijaribu kulishona lile tairi lililopasuka, nikaweka kipande cha ngozi ndani. Baada ya hatua mia tyubu ilichungulia ubavuni kama ulimi. Nikalijaza nyasi badala ya tyubu, kama nilivyosikia askari walifanya vitani. Liliviringika mpaka kanisani, kisha nyasi zikaanza kutoka, na mbuzi wa jirani akazifuata akizila mpaka gurudumu likabaki rimu tupu.

Jumapili baada ya ibada mama yule aliniuliza mbele ya watu, "Mwalimu, kesho unaondoka saa ngapi kwenda stesheni?"

Sikuweza kusema uongo siku ya Bwana. Nilimwambia yote, isipokuwa habari ya nyonyo. Alinisikiliza, kisha akamgeukia mume wake aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Ni kweli?"

"Usiwe na wasiwasi, mama watoto," alisema mzee. "Nimekwisha kufikiri. Tutambeba."

"Mtambeba nani?"

"Padre. Kwa machela. Mimi nilipokuwa kijana nilibeba mzigo kutoka Tabora mpaka Ujiji na kurudi, na njia hiyohiyo inapita hapa nyuma. Wenzangu hawa wawili pia walikuwa wapagazi. Tunaondoka mchana huu, tunampokea kesho, tunatembea usiku na mchana."

Wale wazee wawili walikuwa wamekwisha kunyoosha mabega. Mmoja alikuwa na fimbo mbili za kutembelea. Mama alisema, "Mna umri gani nyinyi?" Hakuna aliyemjibu, kwa sababu hakuna aliyejua.

Walileta mti mrefu na blanketi, wakasema wafanye jaribio, na mzigo wa jaribio nikawa mimi. Nilikataa, lakini mzee alisema kwa heshima kwamba harusi ni yake na mwalimu ni mtumishi wa watu. Nikalala kwenye blanketi. Wakainua. Wa mbele alikuwa mzee, wa nyuma wale wawili, na wakaanza wimbo wa wapagazi ambao sikuwahi kuusikia, mzuri wa ajabu, nami nikiwa ndani ya blanketi naona mbingu ikienda polepole nilianza kuamini kwamba Mungu amepata njia. Kwa hatua tisa niliamini. Kwenye ya kumi wa nyuma mmoja aliomba tupumzike. Wa mbele hakusikia kwa sababu ya wimbo. Akaendelea na ncha yake ya mti, wale wakabaki na yao, nami nikabaki chini na blanketi.

Walionizunguka walicheka mpaka wakashika mbavu. Mzee alikaa chini kwenye vumbi, anahema, jasho linamtiririka. Mke wake hakucheka. Alimpa maji, akangoja amalize, akachukua kibuyu. Kisha akasema, bila kunong'ona wala kupaza sauti:

"Mimi nimengoja tangu mtoto wetu wa kwanza yuko tumboni. Nyuki hao wamengoja wiki tatu."

Akaingia jikoni.

Mzee alichora kitu vumbini kwa kidole, akakifuta. Kisha alinyanyuka kwa kushika goti langu, akasema, "Mwalimu, lete shoka. Tukaambue gome jingine."

Lazima ieleweke alichokuwa anafanya. Maisha yake yote hakuwahi kuhamisha nyuki waliokuja wenyewe, na mrina asali yeyote pale alijua kwamba nyuki huguswa giza likiingia, wakiwa wamelala. Lakini tairi lilipaswa kuoshwa na kufungwa, na mimi niondoke alfajiri. Hakuwa na giza la kungojea. Alitengeneza mzinga mpya kwa saa mbili, akaupaka nta ndani, na jua likiwa bado kali akapanda mninga na mwenge wa moshi, kifua wazi, kwa kuwa alisema nguo huwakasirisha. Mimi nilikuwa chini yake kwenye ngazi, nimeshika mzinga mpya mdomo juu, nasali sala ya kutubu kwa sauti.

"Wageni wangu," nilimsikia akiwaambia, "niwieni radhi. Mimi si mtu wa kufukuza wageni. Nimepata shughuli nyumbani. Nimewajengea nyumba nyingine, nzuri kuliko hii, hii ni tairi."

Nyuki hawakuwa na subira hiyo. Alikata kamba, akafungua gome, akayatoa masega meupe moja moja kwa mikono yake na kuyaweka mzinga mpya, huku wamemfunika uso na mabega kama ndevu. Hakupiga hata mmoja. Nami niliumwa mara kumi na nane, nikahesabu, kwa kuwa kuhesabu kulinisaidia nisiachie ngazi. Tairi likaanguka chini. Mzee akautundika mzinga mpya mahali palepale, akashuka.

Tulisimama mbali tukitazama. Nyuki waliingia, wakatoka, wakaingia tena. Jua lilipoanza kushuka walitoka wote pamoja, wakafanya wingu dogo juu ya mninga, wakaondoka kuelekea magharibi. Mzee aliwafuata kwa macho mpaka hakuna kitu cha kuona.

"Wameenda," alisema.

Mke wake alikuwa amekuja na kigoda. Alimkalisha, akaanza kumtoa miiba ya nyuki usoni kwa ukucha, mmoja mmoja.

Mimi nilikuwa na tairi. Ndani lilikuwa limeganda nta na utomvu, na hakuna somo la fundi lililohusu nta. Petroli hapana, mafuta hapana. Nililipeleka mtoni, nikalizamisha penye maji baridi ya kivuli, nta ikawa ngumu, nikaibandua kwa kijiti cha mwanzi vipande kwa vipande. Kisha brashi, maji, kitambaa. Nilipolikausha nilinyunyiza unga wa muhogo ndani ili tyubu isigande, nikafunga, nikajaza upepo. Lilikuwa safi kama siku lilipotoka dukani, isipokuwa harufu. Harufu ya asali haikutoka.

Jumatatu nilimkuta Padre stesheni amekaa juu ya sanduku lake la Misa. Alinitazama uso wangu uliovimba, akanibariki kabla ya kuuliza. Tukaondoka. Kila tuliposimama kupumzisha goti lake nyuki walikuja, watatu, wanne, wakazunguka gurudumu la nyuma.

"Mwalimu, kwa nini nyuki hawa wanatufuata?"

"Ni tairi, Padre."

"Tairi lina nini?"

"Liliingiwa na nyuki, Padre."

Alifikiri kwa mwendo wa kilomita kadhaa. "Uliniandikia kwamba yanang'aa," alisema mwishoni. "Hukuniandikia hili."

Jumanne asubuhi kanisa lilijaa mpaka madirishani. Mzee alikuja na kanzu mpya, na watu wakampisha wakimkodolea macho. Uso wake ulikuwa umevimba hata jicho moja halikufunguka, na mdomo wa chini ulikuwa kama nyanya. Ubatizo ulipita salama, kwa kuwa mimi nilisimama karibu na kuthibitisha kwamba maneno yake yalikuwa Nasadiki. Lakini Padre alipomuuliza kama anamkubali mwanamke huyu awe mke wake, mzee alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa "mmmfu."

Padre alingoja. Akauliza tena.

"Mmmfu."

"Padre," alisema mama, "amekubali. Naijua sauti yake."

"Mama, sheria inataka niisikie mimi."

"Si umeisikia?"

"Nimesikia kitu. Sijasikia kukubali."

Niliona mikono ya mama yule inashika kitambaa cha kichwa. Mzee alimtazama mkewe kwa lile jicho moja. Kisha akaushika mdomo wake wa chini kwa vidole viwili, akauvuta pembeni kama mtu anayefungua pazia, na kwa nguvu zote akasema, "NAMKUBALI!" Mate yalifika kwenye kitabu cha Padre. Padre alikipangusa kwa mkono wa kanzu yake, akaendelea.

Wakati wa Komunyo mama yule alinyanyuka kutoka benchi la mbele, ambalo hakuwahi kukalia. Alipiga magoti, akafumba macho, akapokea. Nimeona watu wengi wakipokea katika miaka yangu ya utumishi, maaskofu wakiwemo. Sina la kusema juu ya uso wake isipokuwa kwamba niliutazama kidogo tu, kisha nikatazama chini.

Misa ikaisha, watu wakatoka nje kwenye ngoma na vyungu. Yeye hakutoka. Alibaki amepiga magoti, na mumewe amekaa sakafuni karibu naye, hajui la kufanya, amemshikia viatu. Padre alivua mavazi, akatoa saa mfukoni. Gari moshi la jioni lilikuwa saa nne za barabara kutoka pale, na mbingu ilikuwa imeanza kuwa nyeusi upande wa Usinge. Nilimwonyesha mlango. Alimtazama mama yule, akairudisha saa mfukoni, akakaa benchi la nyuma.

Nilitoka nje, nikapiga magoti kando ya pikipiki, nikaanza kung'oa miiba ya jana kwenye kashata. Nilikuwa kwenye mwiba wa kumi na nne vivuli viwili viliponifikia.

"Tumsifu Yesu Kristo, mwalimu."

"Milele amina, mama."

Alitazama juu, akatazama watu, akatazama moshi wa vyungu kama mtu aliyeamka ugenini.

"Saa ngapi sasa?"

"Saa tatu na nusu, mama."

"Kumbe bado mapema," alisema, akachukua viatu vyake mkononi mwa mumewe, akaenda kuonja mchuzi.